Kupoteza, Kupotelewa na Kunyang'anywa: Maneno ya Upotevu katika Historia ya Isiolo

Kitenzi cha Kiingereza "lose" ni miongoni mwa vile ambavyo wafasiri huvipita upesi mno. Aghalabu huandikwa "poteza", na kazi ikaendelea. Katika mambo madogo hapana dhara: aliyepoteza ufunguo amepoteza ufunguo. Lakini yako mambo ambayo neno hilo, likitiwa pasipo mahali pake, hugeuza ushahidi wenyewe. Na mfano wake mkubwa ni yale yaliyowapata wafugaji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, baada ya mwaka 1963.

Yafaa kuanza na umbo la neno. Kitu kinapopotea, hakuna anayetajwa kuwa amekipoteza. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha usababishi huwa "poteza", yaani kufanya kitu kipotee. Basi anayesema "nimepoteza mbuzi" amejitia mwenyewe katika nafasi ya mtenda, kana kwamba alizembea naye mbuzi akaenda zake. Asiyetaka kuibeba lawama hiyo husema "nimepotelewa na mbuzi", na hapo yeye ni mwenye kupatwa tu. Ndivyo ilivyo pia kwa "kufiwa": mauti yametokea, nayo yamemfikia. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa yote hayo. (Hata hivyo mzizi wake wa kale ulikuwa na maana ya kuangamia, jambo lililo karibu zaidi na "potea" kuliko na "poteza".) Tena yapo "kushindwa" kwa mchezo na vita, "kukosa" kwa kitu kilichotarajiwa, na "kupata hasara", neno la mfanyabiashara aliyetia mali yake rehani kwa hiari. Watangazaji wa siku hizi wanaosema timu "imepoteza mchezo" wamefuata Kiingereza, ingawa "imeshindwa" lipo na halijachakaa.

Sasa itazamwe Isiolo. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuuliza wakazi kama walitaka kubaki Kenya au kuungana na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa litaundwa jimbo la saba, la Kaskazini-Mashariki, ndani ya Kenya. Isiolo haikutiwa humo. Wale waliotaka kujitenga hawakushindwa katika kura, kwa kuwa kura haikupigwa. Walikosa walichokiomba, na hilo ni jambo jingine. Tarehe 28 Juni mwaka huo Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Hajj Galma Dido. Hapo Isiolo ilifiwa, na hakuna neno lingine linalofaa. Desemba 1963, majuma machache baada ya Uhuru, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia.

Katika miaka hiyo Waborana na Wasakuye walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe. Wanyama walilazimika kulisha karibu na kambi. Nyasi zikaisha, maradhi yakaingia, nao wakafa. Ngamia, ambao wapiganaji waliwatumia kubebea mizigo, walipigwa risasi au kutwaliwa na askari. Wengine waliibwa, wengine, wakikosa mchungaji, walipotea porini kwa maana ile ya kwanza kabisa. Waliokuwa wafugaji wa ngamia, hasa Wasakuye, walibaki bila kitu. Mtu akiandika kwamba watu hao "walipoteza mifugo yao", ameyachanganya mambo manne katika kapu moja: mifugo iliyokufa kwa njaa na maradhi, iliyouawa, iliyonyang'anywa au kuibwa, na iliyopotea. Zaidi ya hayo, amemfanya mwenye mifugo kuwa mtenda wa sentensi, na aliyeshika bunduki hayumo tena.

Kosa hili si la sarufi peke yake, kwa kuwa swali la nani alitenda lilikuwa swali la sheria. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia mashtaka na madai juu ya matendo ya maofisa na askari katika Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Aliyenyang'anywa hudai kwa aliyenyang'anya, lakini aliyepoteza hana wa kumdai. Sheria ile ililifunga dai, na kitenzi cha "kupoteza" kilifanya kazi hiyo hiyo bila kupigiwa kura. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa taarifa yake Mei 2013, iliyarejea mambo ya miaka ile. Na kila ushahidi unaofasiriwa kwa Kiswahili humdai mfasiri aulize kwanza ngamia yule alikwendaje.

Waborana wenyewe hawakukiita kipindi kile kwa neno la upotevu. Hukiita Gaf Daba, yaani wakati wa kusimama. Kwa msikilizaji wa mjini jina hilo laweza kuonekana pole mno kwa mambo mazito kiasi hicho. Lakini mali ya mfugaji wa nyanda za Ewaso Ng'iro huishi kwa kuhama: mvua iliponyesha, huko ndiko aendako. Akizuiwa kuhama, mifugo yake haihitaji risasi ili iishe.