Pakiti ya Nyayo na ribiti ya kibodi: historia fupi ya kuunga plastiki kwa moto

Leo programu tunaziweka kando. Nataka tuzungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika mkononi mara elfu bila kujiuliza kimetengenezwaje: kiungio cha plastiki kilichofungwa kwa joto. Bila gundi, bila skrubu, bila uzi. Ukifuata historia yake hapa kwetu Nakuru na bonde la kati la Ufa, utapitia kwenye maziwa kabla hujafika kwenye kompyuta.

Kwanza somo kidogo. Plastiki ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kama yai: likishachemka halirudi kuwa bichi. Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ni ya aina hiyo, na ndiyo iliyotengenezewa swichi za kale na masanduku ya redio za wakati wa babu zetu. Huwezi kuiyeyusha upya, kwa hiyo vipande vyake vilishikanishwa kwa skrubu. Aina ya pili ni kama Kimbo: ukiipasha inalainika, ikipoa inaganda, na unaweza kurudia. Polithini ni ya aina hii. Eric Fawcett na Reginald Gibson waliipata kwa bahati mwezi Machi 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, walipokuwa wakijaribu jambo jingine kabisa.

Polithini nyepesi inayeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, juu kidogo tu ya maji yanayochemka. Ndiyo maana muuza njugu anaweza kufunga pakiti zake kwa mwali wa mshumaa. Anakunja mdomo wa pakiti, anaupitisha kwenye moto, anaubana, basi. Tabaka mbili zimekuwa moja. Kanuni ya kiwandani ni hiyo hiyo: joto, mgandamizo, kisha subira mpaka kipoe. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, kiungio kitavuja.

Sasa tuje kwenye maziwa. KCC ilianza Naivasha mwaka 1925, ikiwa ushirika wa walowezi wenye ng'ombe. Maziwa ni bidhaa yenye haraka, na chupa ya kioo ina taabu zake: ni nzito, inavunjika, na lazima irudi kiwandani ioshwe. Kumfikishia mtoto maziwa mamia ya kilomita kutoka kwa ng'ombe kulihitaji chombo chepesi, cha bei nafuu, kisichorudishwa.

Jibu lilitoka Uswidi. Mwaka 1944 kijana wa maabara aitwaye Erik Wallenberg, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ruben Rausing, alipata wazo la kukunja karatasi iwe mrija, kisha kuubana mrija huo kwa zamu: mbano mmoja umelala, unaofuata umesimama. Kila kipande kinatoka kikiwa na nyuso nne za pembetatu, kama piramidi ndogo, na karatasi haipotei bure.

Taabu ilikuwa kwenye kufunga. Ukijaza maziwa kwanza halafu ufunge juu, hewa inabaki ndani. Ukifunga kwa moto huku mrija umejaa, wahandisi waliogopa maziwa yataungua na kunuka. Inasimuliwa kwamba mkewe Rausing, Elisabeth, ndiye aliyesema: kwa nini msifunge hapo hapo katikati ya maziwa, kama mtu anayefunga soseji? Walijaribu, na ikakubali. Kiungio kinabanwa kwa muda mfupi mno hata maziwa hayapati nafasi ya kuungua. Kampuni ya Tetra Pak iliundwa mwaka 1951 mjini Lund, na mashine ya kwanza ikapelekwa kwa kiwanda cha maziwa cha mji huo mwaka 1952. Karatasi yake inapakwa polithini, na hiyo polithini ndiyo inayoyeyuka na kushika.

Wazazi wetu waliosoma shule za msingi miaka ya 1980 wanaijua piramidi hiyo kwa jina jingine: maziwa ya Nyayo. Rais Moi alianzisha mpango huo mwaka 1979, na watoto wa shule za msingi wakawa wanapewa pakiti ya mililita 200 bure. Ukimuuliza mtu wa umri huo atakuonyesha kwa meno jinsi walivyong'ata pembe moja na kunyonya.

Mimi kama mtu wa kompyuta ninachokiona pale ni viungio vitatu: mmoja mrefu ubavuni na miwili ya ncha. Kimoja kikishindwa, pakiti nzima imeharibika, na pengine zilizo chini yake zimelowa. Mamilioni ya pakiti, kila moja na viungio vitatu, na mteja wa mwisho ni mtoto wa darasa la pili asiyeweza kuandika malalamiko. Mpango ulikufa miaka ya 1990 pamoja na matatizo ya KCC yenyewe, ambayo iliwaacha wakulima wengi wa Bonde la Ufa wakidai pesa zao. Mwaka 2003 serikali iliifufua kwa jina la New KCC. Kilichoangusha mpango ule kilikuwa pesa na siasa. Kiungio chenyewe kilifanya kazi yake.

Kutoka kwenye pakiti laini, teknolojia ilihamia kwenye plastiki ngumu. Hapo ndipo tunapokutana na ribiti ya plastiki. Kipande kimoja kinatengenezwa na vijiti vidogo vinavyochomoza. Kipande cha pili, hata kikiwa cha chuma, kina matundu. Vijiti vinapita kwenye matundu, ncha ya moto inashuka, inaviponda vichwa vyake vikawa kama uyoga, vinapoa, kazi imekwisha. Mwaka 1965 Wamarekani Robert Soloff na Seymour Linsley walipata hataza ya njia ya kuchomelea plastiki ngumu kwa mitetemo ya kasi isiyosikika na sikio, ambapo joto linatokana na msuguano wenyewe. Kiwandani hii ni neema: hakuna skrubu za kununua, na kazi ya dakika inakuwa ya sekunde.

Sasa fungua kipakatalishi cha siku hizi, ukitafuta njia ya kubadilisha kibodi iliyomwagikiwa chai. Katika mifano mingi utakuta kibodi imeshikwa kwenye kifuniko kwa makumi ya ribiti hizo. Fundi wa hapa mjini anazikwangua moja moja kwa kisu, anatoa kibodi, anaweka nyingine, kisha anayeyusha visiki vilivyobaki kwa pasi ya kulehemu. Akikosea joto anatoboa kifuniko. Kazi iliyokuwa ya skrubu chache inakula mchana mzima, na mwenye kompyuta analipia huo mchana au anaambiwa anunue nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Njia ni ile ile, lakini vitu ni viwili tofauti. Pakiti ya maziwa ilitakiwa ifunguke mara moja tu, na mnywaji ndiye aliyeifungua. Kibodi inatakiwa ifunguke siku itakapoharibika, na aliyeamua isifunguke yuko mbali sana na meza ya fundi. Faida ya zile sekunde inabaki kiwandani, hasara inakuja Nakuru.

Na mwisho wa safari wa vyote viwili unaweza kuwa jaa la Gioto, pembeni mwa mji wetu. Pakiti yenye karatasi na polithini zilizoshikamana ni ngumu kutenganisha, sawa na chuma kilichopigwa ribiti za plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 iliiondoa mifuko ya kubebea lakini ikaacha vifungashio vya viwandani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwenda mbele zaidi, kwa kumfanya mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutumika. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, uliweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa kudai betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Kwenye betri walau, swali la nani anaruhusiwa kufungua limeingia kwenye sheria.

Kwa hiyo mkienda kununua kompyuta, msiulize RAM na prosesa peke yake. Mwulizeni fundi wenu kwanza: hii kibodi yake imeshikwa na nini? Jibu lake linaweza kuwaokolea pesa nyingi kuliko punguzo la dukani.