Mwandishi, Mganga na Pepo Mtoto

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze muziki. Ingawa mkinisoma mpaka mwisho mtaona siasa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Marehemu baba yangu mdogo aliacha katoni mbili za santuri. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake hakuna aliyezitaka, nikabeba mimi. Nyingi nilizifahamu: Mbaraka Mwinshehe, Franco, na taarab za Zanzibar. Katikati yao ikachomoza moja yenye jina la kazi yangu: Mwandishi. Ya nani? Ya Herbie Hancock, mpiga piano Mmarekani Mweusi. Nilikuwa namjua kwa Head Hunters tu, ile albamu ya 1973 ambayo kila mpenzi wa jazz na funk anayo. Hii sikuwahi kuisikia.

Nikasoma majina ya wapigaji, nikaanza kucheka peke yangu. Hancock ni Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Bennie Maupin, mpuliza klarineti ya besi, ni Mwile. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto.

Jamani! Kwetu mtu anayetunga muziki ni mtunzi, si mwandishi. Mwile nadhani walitaka kusema mwili. Na huyo Pepo Mtoto walimkusudia awe roho changa, kitu kizuri tu, lakini mwambie bibi yangu kuna pepo mtoto sebuleni uone kama hajaita shehe aje kusoma. Mganga ndiyo usiseme.

Lakini hebu subiri. Henderson alikuwa daktari kweli. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968, akawa anatibu na kupiga tarumbeta. Na sisi hapa Tanzania daktari mkuu wa nchi tunamwitaje? Mganga Mkuu wa Serikali. Basi hapo kicheko changu kikapungua, nikaanza kuchimba.

Majina hayo yana historia. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kule California, na nguzo zake saba akazipa majina ya Kiswahili, kuanzia Umoja mpaka Imani. Mababu wa Wamarekani Weusi walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na Kati, si pwani yetu. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu si mali ya kabila moja na kinavuka mipaka. Na ilikuwa miaka ya Nyerere na Azimio la Arusha la 1967, Dar es Salaam ikiwa makao ya wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika.

Mmoja wa wafuasi wa Karenga alikuwa kijana wa Philadelphia, James Forman, aliyebadili jina akawa Mtume. Ndiyo, Mtume! Desemba 1969 Hancock na Buster Williams waliingia studio pamoja naye na mjomba wake, mpiga ngoma Albert Heath, wakarekodi albamu iitwayo Kawaida. Miongoni mwa nyimbo zake ni Baraka, Maulana, Kawaida na Dunia. Mtume ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi, na wenzake wa bendi nao wakachukua yao.

Santuri yenyewe ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, ikatoka 1971. Ina nyimbo tatu tu. Wa kwanza, Ostinato, ni zawadi kwa Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu; aliachiwa huru na mahakama mwaka 1972. Besi inarudia mapigo 15 bila kuchoka, kinanda cha umeme kinaelea juu yake, na mara ya kwanza utapotea kabisa. Mara ya tatu utajikuta unatingisha kichwa. Humo yumo pia mpiga ngoma mgeni wa miaka 18, Leon Chancler, aliyejiita Ndugu. Ndugu huyo huyo alikuja kupiga ngoma za Billie Jean ya Michael Jackson mwaka 1982. Umeicheza mara ngapi bila kujua kuna Ndugu nyuma yake?

Kibiashara bendi haikufika mbali. Baada ya Mwandishi zikaja Crossings (1972) na Sextant (1973), lakini Hancock alikuwa akitoa pesa zake mwenyewe kuwalipa watu. Mwaka 1973 akaivunja. Mwaka huo huo ikatoka Head Hunters, ikauza zaidi ya nakala milioni moja, na hizi za nyuma zikafunikwa.

Sasa niseme kilichoniuma. Nilisoma shule ambayo ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Nimekivaa mara nyingi tu. Tulifundishwa mapema kwamba Kiswahili ni kitu cha kuonea aibu, na ajabu ni kwamba mwandishi huyu leo anakula kwa Kiswahili.

Ndiyo maana nilipocheka yale majina nilikuwa najicheka mwenyewe. Watu ambao babu zao walinyang'anywa majina na lugha walikaa chini, wakachagua lugha yetu, wakaivaa mbele ya dunia kama nguo ya sikukuu. Walikosea herufi. Sisi tuliozaliwa nayo tuliivalishwa kama adhabu.

Sijui kama baba mdogo aliinunua kwa sababu ya muziki au kwa sababu ya lile neno moja tu. Ningependa nimuulize. Kwa sasa imewekwa juu kabisa, mbele ya Franco, ina mikwaruzo upande wa pili lakini inaimba. Ukiipata popote, anza na Ostinato, na ukicheka majina kama nilivyocheka mimi, cheka, halafu sikiliza.