Alama Kabla ya Kazi: Historia ya Protini Zinazonasa Kalsiamu katika Neva za Mguso

Historia ya protini zinazonasa kalsiamu katika neva za mguso haikuanzia kwenye neva. Mwaka 1883, Sydney Ringer alionyesha jijini London kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huhitaji kalsiamu ili uendelee kudunda. Kwa hiyo kalsiamu haikuwa tena malighafi ya mifupa tu, bali pia kichocheo cha utendaji wa seli hai.

Protini zenyewe ziligunduliwa moja moja, kila moja katika kiungo tofauti. Kalbindini ilielezwa mwaka 1966 na Robert Wasserman na Alan Taylor kutokana na utumbo wa vifaranga waliopewa vitamini D. Pavalbumini ilitoka katika misuli ya samaki, na mwaka 1973 Robert Kretsinger na Clive Nockolds walichapisha umbo lake, wakabainisha mkunjo unaoshika kalsiamu mithili ya kidole gumba na cha shahada. Kalretinini ilifuata mwaka 1987, katika retina ya kifaranga.

Kingamwili za maabara zilipowezesha protini hizi kuonekana ndani ya tishu, watafiti walizikuta pia katika mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo. Pavalbumini na kalretinini zilijitokeza zaidi katika seli kubwa, zikiwemo zinazohisi mkao wa misuli na baadhi ya zile zinazohisi mguso. Hivyo zikawa alama za kutofautishia seli.

Hata hivyo, alama si kazi. Mwaka 1999 ilielezwa kwamba panya wa maabara waliokosa pavalbumini waliishi na kuzaliana. Kasoro iliyodhihirika ilikuwa misuli yao kuchelewa kulegea. Mwaka 2010, kundi la Ardem Patapoutian nchini Marekani lilitambulisha Piezo2, mlango katika utando wa seli unaofunguka kwa msukumo na kupitisha ayoni, zikiwemo za kalsiamu. Mlango huo ndio unaopokea mguso. Protini zinazonasa kalsiamu hukutana na ayoni hizo zikishaingia.

Kwa muktadha huo, historia hii inabainisha mipaka ya ushahidi. Kuonekana kwa protini ndani ya seli huthibitisha mahali ilipo. Kazi yake huhitaji uthibitisho wa peke yake.