Msimu wa Bata au Msimu wa Sungura? Sheria Iliyojificha Ndani ya Katuni

Kama umewahi kucheka na katuni za Bugs Bunny, mzozo huu unaujua. Mwindaji yuko msituni na bunduki yake. Upande mmoja kuna sungura, upande wa pili kuna bata. Sungura anasema huu ni msimu wa kuwinda bata. Bata anasema hapana, ni msimu wa kuwinda sungura. Wanarushiana maneno hayo haraka haraka, kisha ghafla sungura anageuza kibao na kusema yeye mwenyewe kwamba ni msimu wa sungura. Bata, ambaye kichwani amebaki na kazi moja tu ya kubisha, anapaza sauti kwamba ni msimu wa bata, na anamwamuru mwindaji afyatue. Mwindaji anatii. Moshi ukiisha, mdomo wa bata umehamia mahali pengine kabisa.

Filamu hiyo inaitwa Rabbit Fire. Ilitolewa na Warner Bros. mwezi Mei 1951, na haifiki hata dakika nane. Mwongozaji ni Chuck Jones, hadithi ni ya Michael Maltese, na sauti za sungura Bugs Bunny na bata Daffy Duck zote mbili zimetoka kwenye koo moja, la Mel Blanc. Mwindaji Elmer Fudd ametiwa sauti na Arthur Q. Bryan. Watu waliipenda, na Jones akarudi na nyingine mbili za mzozo uleule: Rabbit Seasoning mwaka 1952 na Duck! Rabbit, Duck! mwaka 1953.

Leo nataka tulishike neno moja tu katika mzozo ule: msimu. Angalia vizuri, hakuna hata mmoja kati ya wale wawili anayesema "usiniue". Hakuna anayeomba huruma. Wanachobishania ni sheria inasema nini leo. Na Elmer, mwenye bunduki mkononi, hajiulizi anamtaka nani. Anasubiri aambiwe ni nani anayeruhusiwa kupigwa. Mnyama anatetea uhai wake kwa kutumia kalenda ya serikali! Wamarekani waliokaa kwenye viti vya sinema mwaka 1951 walicheka bila kuelezwa, kwa sababu kalenda hiyo waliijua. Ila kalenda hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa.

Njiwa waliokwisha

Turudi nyuma kidogo, karne ya 19. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria za misimu, lakini kwa upande wa ndege sheria hizo zilikuwa za karatasi zaidi kuliko za porini. Wakati huohuo reli zilikuwa zinasambaa. Mtu aliyeua ndege mia moja vijijini sasa aliweza kuwapakia kwenye treni na kuwauza mjini kabla hawajaoza. Uwindaji wa kitoweo cha nyumbani ukageuka uwindaji wa soko, na soko halishibi. Kwa bata zilitumika hata bunduki kubwa zilizofungwa kwenye mitumbwi, ambazo mlio mmoja uliangusha ndege kwa makumi.

Aliyeumia kuliko wote ni njiwa mmoja wa Amerika Kaskazini aliyesafiri kwa makundi makubwa mno, jina lake la kisayansi Ectopistes migratorius. Idadi yao inakadiriwa kuwa mabilioni. Makundi yao yalipita angani kwa saa nyingi mfululizo. Misitu waliyotagia ilikatwa, na wawindaji wa soko waliwafuata mpaka kwenye viota. Tarehe 1 Septemba 1914, njiwa wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati. Kutoka mabilioni hadi sifuri, ndani ya muda ambao bibi na mjukuu wake wote wangeweza kuushuhudia.

Ndege hana jimbo

Tatizo la kumlinda ndege ni kwamba haheshimu mipaka. Bata anaweza kuanguliwa Kanada, akapita juu ya majimbo kadhaa, na kumalizia baridi Louisiana au Mexico. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwindaji wa jimbo la katikati. Ukimwacha apite, jirani yako wa kusini atampiga. Basi kwa nini umwache? Kila mmoja akifikiri hivyo, bata wanaisha, na hakuna aliyefanya jambo la kijinga kwa hesabu yake mwenyewe.

Serikali kuu ilijaribu kuingilia kwa sheria ya mwaka 1913, lakini ikapingwa mahakamani. Ndipo ikatumia njia nyingine: mkataba wa kimataifa. Mwaka 1916 Marekani ilisaini mkataba na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, na mwaka 1918 Bunge likapitisha sheria ya kuutekeleza. Mkataba ulisema wazi kwamba ndege wa kuwindwa wanaohama wasiguswe kuanzia tarehe 10 Machi hadi 1 Septemba, na kwamba msimu wa kuwawinda usizidi miezi mitatu na nusu.

Jimbo la Missouri halikufurahi. Lilimshtaki Ray Holland, bwana nyama wa serikali kuu, likidai ndege walio ndani ya jimbo ni wa jimbo. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya Missouri. Hoja ya Jaji Oliver Wendell Holmes ilikuwa rahisi kuelewa: ndege huyu yuko Missouri leo tu, jana hakuwepo na kesho hatakuwepo, na bila mkataba huenda karibuni kusiwe na ndege wa kugombania.

Kwa nini Machi?

Hapa ndipo biolojia inapoingia. Bata wengi wa Amerika Kaskazini hurudi kaskazini majira ya kuchipua ili kutaga. Ukimpiga jike mwezi Machi, umeondoa yeye pamoja na mayai yote ambayo angetaga wiki chache baadaye. Ukimpiga mwezi Novemba, vifaranga wake tayari wanaruka wenyewe. Risasi ni ileile na ndege ni yuleyule, lakini hasara kwa kizazi kijacho ni tofauti kabisa. Msimu, kwa hiyo, ni njia ya kuingiza uzazi wa mnyama ndani ya sheria.

Kesi ya sungura si kama ya bata. Sungura wa porini wa Marekani hubeba mimba kwa takriban mwezi mmoja na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Tena hahami, anazaliwa na kufa ndani ya eneo dogo. Kwa hiyo sungura ameachwa mikononi mwa majimbo, huku bata akiwa chini ya mkataba wa kimataifa. Bugs na Daffy wanabishana kana kwamba wako kwenye daftari moja, kumbe kila mmoja ana ofisi yake!

Na kuna kichekesho ambacho katuni haikisemi. Katika majimbo mengi misimu hiyo miwili hupishana kwa kiasi fulani, kuanzia majira ya kupukutika hadi baridi. Siku nyingi za Novemba, jibu sahihi la mzozo wao lingekuwa: nyote wawili.

Mchora katuni na stempu ya dola moja

Miaka ya 1930 ukame mkali ulikausha madimbwi ambako bata walizaliana, na ardhioevu nyingi zilikuwa zimeshageuzwa mashamba. Msimu peke yake haukutosha. Bata asiye na maji hana pa kutagia hata kama hakuna anayempiga. Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt alimteua mtu wa ajabu kidogo kuongoza idara iliyosimamia wanyamapori: Jay "Ding" Darling, mchora katuni za siasa kwenye magazeti. Ndiyo, mchora katuni.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyomtaka mwindaji wa bata anunue stempu ya dola moja kila mwaka, na fedha hizo ziende kwenye kulinda maeneo ya ndege hao. Picha ya stempu ya kwanza, bata wakitua majini, aliichora Darling mwenyewe. Stempu hiyo inatolewa mpaka leo.

Sasa ukitazama tena zile filamu tatu, utaona vitu ambavyo pengine vilikupita. Katika ile ya 1953 Daffy anaandika kibali cha kumwinda mwenzake na kujiponza kwa kutojua tahajia, halafu mwishoni Bugs anavaa sare ya bwana nyama na kumwambia Elmer kwamba sasa ni msimu wa besiboli. Kibali na bwana nyama vilikuwa sehemu ya maisha ya watazamaji wale. Katika ile ya 1952 Daffy anaangushwa na viwakilishi: amezoea kudai mwindaji ampige mwenzake, Bugs anageuza sentensi, naye anajikuta akidai apigwe yeye. Kwa Kiswahili ingekuwa kali zaidi, maana kifo kingekaa kwenye silabi tu: ampige, anipige.

Nani anabandika bango?

Tukio ninalolipenda zaidi katika Rabbit Fire ni dogo. Elmer anakiri kwamba yeye hali nyama. Anawinda kwa kujifurahisha tu. Baadaye anatoa bunduki ya tembo, na tembo mwenyewe anatokea kumwonya.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kucheka hapo kwa namna yake. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London na kusaini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, Waafrika wakiwa hawamo mezani. Zilizofuata ni sheria za kikoloni za leseni na hifadhi, ambazo chini yake mgeni mwenye leseni aliwinda kwa burudani, na mwenyeji aliyetafuta kitoweo bila leseni akaitwa jangili. Baada ya uhuru kila nchi ilichagua njia yake: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, Tanzania inaendelea nao kwa leseni na vitalu.

Sisemi misimu ni mibaya. Martha ni ushahidi wa kutosha wa yanayotokea bila kizuizi. Ninachosema ni kwamba bango la msimu lina mambo mawili ndani yake: hesabu ya wanyama, ambayo sayansi inaweza kuifanya, na uamuzi wa nani apewe nafasi ya kuwinda, ambao sayansi haiwezi kuufanya peke yake. Chuck Jones na Maltese, wakitaka tu kuchekesha, walilifikisha jambo hilo mpaka mwisho wake. Bugs na Daffy wanabandua mabango kwenye mti, sungura, bata, sungura, bata, mpaka linatokea la mwisho: msimu wa kuwinda Elmer. Mwenye bunduki anatoka mbio, na wale wawili wanavaa nguo za kuwindia.

Zitafute zote tatu, uzitazame kwa mfuatano wa miaka. Hazifiki nusu saa kwa pamoja. Na kila bango linapobadilishwa, angalia uso wa Elmer: hata mara moja hauulizi nani kaliandika.