Tarikhi ya Damu Katika Unyanyembe

Tarikhi ya Tabora imeandikwa kwa majina ya watu wakuu waliopita njia au waliopigania njia. Twasoma habari za Burton na Speke, waliofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857 wakakaribishwa na Snay bin Amir. Za Stanley na Livingstone, waliokaa katika tembe la Kwihara. Za Mirambo, aliyeitia hofu biashara yote ya pembe mpaka mauti yalipomfika mwaka 1884. Na za Mtemi Isike, aliyeangamia pamoja na ngome yake Januari 1893 asikubali kusalimu amri kwa Wajerumani. Katika habari hizo za fahari hana nafasi mtoto wa miaka miwili aliyevimba vidole vya mikono na nyayo za miguu, macho yake yamegeuka manjano, akilia usiku kucha mgongoni mwa mamaye ilhali hapana aliyempiga wala mdudu aliyemuuma. Nami nashikilia kuwa mtoto huyo alikuwapo Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, kabla Mwarabu wa kwanza hajapanda mwembe wake, na kwamba tarikhi ya mji huu ina upungufu maadamu yeye na mamaye hawamo.

Maradhi yake leo huitwa selimundu, na wazazi wengi husema sikoseli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa asili ni laini na za mviringo, hukakamaa na kupinda mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake. Mtoto huzaliwa mzima, kwa sababu damu aliyotoka nayo tumboni humhifadhi katika miezi ya awali. Lakini damu ile inapobadilika, aghalabu baada ya mwezi wa sita, wakati jamaa wanapofurahia kumwona akikaa na kutambaa, ndipo maumivu yanapobisha hodi.

Sasa tuifikiri njia kuu ya misafara kwa macho ya mama wa mtoto kama huyo. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakwenda pwani peke yao siku zote. Wengi walifuatana na wake zao, na wake hao walibeba vyungu, vyakula na watoto, katika safari ya miezi mitatu au zaidi baina ya Bagamoyo na Tabora. Palikuwa na Mgunda Mkali, nyika ile baina ya Ugogo na Unyanyembe ambako maji yalikuwa adimu na mwendo ulikuwa wa haraka. Palikuwa na mvua za njiani na usiku wa baridi penye moto mdogo. Palikuwa na mbu kila penye bwawa. Kiu, baridi, uchovu na homa ndivyo vitu vinne ambavyo daktari wa leo humwonya mzazi wa mtoto mwenye selimundu avikimbie, na vyote vinne vilikuwa ndiyo desturi ya njia. Mama aliyempakata mtoto wa namna hiyo hakuweza kuusimamisha msafara, kwa kuwa mzigo wa pembe ulikuwa na tajiri wake na saa yake, ila kilio cha mtoto hakikuwa na tajiri. Alichoweza ni kumfunika kwa nguo yake mwenyewe na kumpa funda la maji lililokuwa haki yake yeye. Na kwa hakika, bila ya kufundishwa na mtu, alikuwa ametenda sehemu kubwa ya tiba iliyowezekana wakati ule.

Nyumbani nako watu walitafuta sababu, kwani msiba usio na sababu ni mzito maradufu. Wafumu wa Kinyamwezi walitazama mizimu ya ukoo na kuamuru matambiko. Walimu waliotoka pwani waliandika kombe na kufunga hirizi. Na mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa aliweza kuitwa Shida, Mashaka au Taabu. Sitaki kuwadharau wazee hao, ambao walitumia elimu waliyokuwa nayo kwa nia njema. Lakini liko jambo moja la zamani nisilolionea udhuru, nalo ni tuhuma iliyomwangukia mama: kwamba ana mkosi, kwamba ukoo wake umelaaniwa, kwamba amerogwa au ni mchawi yeye mwenyewe. Wangapi waliachwa kwa talaka kwa ajili ya hayo, hapana daftari lililoandika.

Jawabu lilitoka mbali, tena kwa taratibu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe zilizopinda katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka Grenada. Mwaka 1949 Neel huko Marekani na Beet katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walibainisha kuwa maradhi ni urithi kutoka kwa wazazi wawili, kila mmoja akitoa sehemu yake. Wazazi hao kwa kawaida ni wazima, na kila wanapojaliwa mtoto, bahati ya kuwa mgonjwa ni moja katika nne. Kisha Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, akapima damu ya maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1954 akatangaza alichokiona: kando ya Ziwa Viktoria na katika mwambao, penye malaria nyingi, wenye kurithi upande mmoja tu ni wengi, katika nyanda za juu zenye baridi ni haba. Urithi wa upande mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Hivyo damu iliyowaokoa mababu wengi na homa ndiyo hiyo hiyo ambayo, ikikutana pande mbili, humtesa mjukuu, na ajabu iliyo chungu zaidi ni kuwa mjukuu huyo huweza kuuawa na malaria upesi kuliko wenzake.

Wako wanaodhani kuwa maradhi haya yaliletwa na misafara. Sivyo, ni ya kale kuliko biashara ya pembe. Misafara ilichanganya tu nasaba ambazo tayari zilikuwa nayo: Wanyamwezi, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakakaa Ujiji na Tabora, watu wa pwani, na Waarabu waliooa huku. Hata Oman, ambako koo kadhaa za Tabora zina jamaa, selimundu ipo, na wataalamu wameikuta humo ya asili ya Kibantu pamoja na ile ya Kiarabu na Kihindi.

Tanzania, kwa makisio, huzaliwa watoto 11,000 au zaidi wenye selimundu kila mwaka, na bila ya uangalizi wengi hawafiki umri wa miaka mitano. Lakini ulezi wao si kubahatisha tena. Mwaka 1986 ilithibitika Marekani kuwa penisilini ya kila siku huwaepusha watoto wadogo na maambukizo yanayoua ghafula. Huko Jamaika Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama kupapasa bandama ya mtoto kwa vidole, ili ikivimba ghafula wamkimbize hospitali apate damu. Nayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa hawa kwa utaratibu wa kudumu. Pamoja na hayo pana chandarua, chanjo, foliki asidi, na dawa ya haidroksiurea ambayo hupunguza maumivu, ijapokuwa bei yake huwalemea wengi. Katika Tabora, iliyoinuka kadiri ya mita 1,200, mzazi huongeza sweta na soksi asubuhi za Juni na Julai, na maji ya kunywa kila mara katika jua la Septemba na Oktoba.

Kwa hiyo nasema na akina baba, kwa kuwa mama amekwisha kubeba mzigo huu tangu enzi za njia ya miguu. Mtoto wako akivimba vidole na kulia bila sababu, au akiishiwa damu mara kwa mara, usimtazame mkeo kwa jicho la lawama. Mchukue mtoto, nendeni wote watatu hospitali ya Kitete hapa Tabora au iliyo karibu nanyi, mkapimwe damu.