Baa ya George na baa la reli

Neno 'baa' huwakanganya wanafunzi wengi wa Kiswahili. Wapo wanaodhani kwamba nyumba ya ulevi iliitwa baa kwa kuwa huleta msiba. Si kweli. Haya ni maneno mawili yaliyokutana njiani tu, na ngeli ndiyo huyatenganisha: baa la njaa limetufika, ila baa ya mtaani imefungwa. Hili la pili tulilikopa kwa Waingereza, na kwao lilimaanisha mti au chuma cha kuzuia njia. Katika nyumba za pombe, kizuizi hicho kilimtenga muuzaji na mnywaji. Mahakamani nako kilimtenga jaji na umati, ndiyo maana mawakili wa Kiingereza nao hujinasibisha na neno lilo hilo.

Hebu tutazame jengo moja lililobeba historia ya ulevi na safari. George Inn iko Southwark, kusini mwa daraja la London. Jengo la awali liliteketea 1676, likajengwa upya mwaka uliofuata. Hiyo haikuwa baa tu, bali kituo cha magari ya farasi. Gari liliingia uani. Farasi wakapelekwa mabandani, abiria wakanywa na kula vyumba vya chini, kisha wakapanda kulala juu, kupitia roshani ndefu za mbao zinazotazama ua. Safari ndiyo iliyolipa jengo umbo lake.

Kisha likaja baa la reli. Stesheni ya London Bridge ilifunguliwa hapo karibu mnamo 1836, na wasafiri wakayapa magari ya farasi kisogo. Mwaka 1889, kampuni ya reli ya Great Northern ilibomoa sehemu kubwa ya George ili ijenge maghala. Ukasalia upande wa kusini pekee. Tangu 1937, shirika la National Trust limeumiliki na kuuhifadhi, na watu wangali wanakunywa humo.

Je, sisi? Tukitaja turathi, hukimbilia ngome, misikiti na makaburi. Nyumba walimokaa, kula na kunywa watu wa kawaida twaziachia tingatinga. George haikuwa kasri wala kanisa, ilikuwa baa! Lakini sehemu hiyo iliyookolewa hutueleza jinsi watu walivyosafiri kuliko kitabu kizima. Jengo likianguka, neno hubaki yatima, nasi tukabaki kulibunia wazazi.