Jameel dhidi ya Wall Street Journal Europe

Jameel dhidi ya Wall Street Journal Europe ni kesi ya kashfa iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza Oktoba 2006. Chanzo chake ni habari ya gazeti hilo ya Februari 2002: benki kuu ya Saudia, yenye makao Riyadh, ilidaiwa kufuatilia, kwa ombi la Marekani, akaunti za wafanyabiashara kadhaa ili fedha zisiwafikie magaidi, wenye akaunti wakijua au wasijue. Kundi la Abdul Latif Jameel la Jeddah, maarufu kwa kuuza magari ya Toyota, lilitajwa kwa jina.

Kundi liliomba gazeti lisubiri siku moja, kwa kuwa rais wake, Mohammed Jameel, alikuwa Japani. Gazeti halikusubiri, na mahakamani halikujitetea kwamba habari ni ya kweli. Jopo la raia lilimpa Jameel fidia ya pauni 30,000, na kampuni pauni 10,000.

Malodi walitengua hukumu: habari ilihusu maslahi ya umma na iliandaliwa kwa uwajibikaji, hivyo kutosubiri hakukuliondolea gazeti kinga ya kisheria ya habari za aina hiyo. Kwa aliyetajwa, huo ni uamuzi mchungu. Kuonewa na gazeti kwenyewe si kashfa. Sharti maneno yamshushe mtu hadhi mbele ya watu, na hata hapo mwandishi ana utetezi wake. Kumnyima mtu nafasi ya kujibu hudhoofisha utetezi huo tu.

Kinga hiyo, iliyotokana na kesi ya Reynolds ya 1999, ilifutwa na sheria ya 2013, iliyoweka mahali pake utetezi wa maslahi ya umma.